Mstari wa amri: kuiuliza kompyuta yenyewe

Mstari wa amri ni mahali unapoiandikia kompyuta neno, ukabonyeza Enter, nayo ikakujibu kwa maandishi. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha andika cmd. Kwenye Ubuntu ni Ctrl+Alt+T. Uzuri wake ni kwamba unajibiwa kwa tarakimu. Alama ya waifai ikijaa hukuonyesha tu kuwa kompyuta na ruta (kifaa kinachogawa intaneti) zinasikizana; kama ruta yenyewe ina intaneti, haisemi.

Tuseme uko saiba Mwembe Tayari, Mombasa, mteja anasubiri kuchapisha fomu na ukurasa haufunguki. Uliza kwanza cha karibu, ndipo uende mbali.

Anza na ipconfig /all (Linux: ip a, kisha ip r). Tazama anwani ya IPv4, yaani namba ya kompyuta kwenye mtandao. Ikianza na 169.254, ujue kompyuta iliomba anwani, ruta haikujibu, ikajipa yenyewe. Kuongeza bando hapo ni kupoteza pesa. Kagua waya, zima ruta na uiwashe, halafu andika ipconfig /release, kisha ipconfig /renew.

Anwani ikiwa sawa, soma palipoandikwa Default Gateway. Hiyo ndiyo ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Andika ping, amri ya kuuliza kama mashine inajibu, na namba hiyo. Windows hutuma pakiti (vifurushi vidogo vya data) 4 na kuacha. Linux huendelea hadi ubonyeze Ctrl+C. Ruta ikijibu, jaribu ping 8.8.8.8, seva ya Google iliyo nje. Ruta inajibu na nje kimya? Basi tatizo liko kati ya ruta na kampuni inayokuuzia intaneti. Namba inajibu lakini jina la tovuti halijibu? Hiyo ni DNS, huduma ya kugeuza majina kuwa namba: hakikisha kwa nslookup na jina la tovuti, kisha safisha kumbukumbu yake kwa ipconfig /flushdns. Ila kompyuta nyingi za Windows huzuia ping, kwa hiyo ukimya wa kompyuta jirani si dalili kwamba imezimwa.

Soma na muda wa majibu ya ping pia. Ruta iliyounganishwa kwa waya hujibu chini ya milisekunde 1. Nchi za mbali ni lazima zichelewe. Kebo ya intaneti ya TEAMS, iliyofika Mombasa mwaka 2009, inakwenda Fujairah, Falme za Kiarabu, chini ya bahari, kama kilomita 5,000. Mwanga unaobeba data ndani ya nyuzi za kebo hukata takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi ni milisekunde 50 hivi, na hakuna kifurushi cha kuzipunguza.

Amri ya tracert (Linux: traceroute) huonyesha ruta zote za njiani. Nyota (*) katikati ya orodha zisikutishe: ruta hiyo imekataa kujibu tu, madhali zinazofuata zinajibu.

Kuhusu mashine yenyewe, systeminfo hutoa toleo la Windows, RAM (kumbukumbu ya kazi) na saa iliyowashwa. Saa hiyo huwashangaza wengi kwa kuonyesha siku kadhaa, kwa sababu Windows yenye uwashaji wa haraka haizimiki kabisa ukichagua Shut down; chagua Restart. Kwenye Linux, free -h ni ya RAM na df -h ni ya nafasi ya diski.

Ukitaka kumtumia fundi majibu, andika ipconfig /all > ripoti.txt. Faili huhifadhiwa kwenye folda uliyomo. Amri ya pili iandikie >> badala ya >, la sivyo itafuta majibu ya kwanza.