Mafaili ya ofisi kwenye wingu: tunayoambiana, na yalivyo kweli

Kila mwaka masika yakishakolea, magari ya safari yameegeshwa na madereva wako nyumbani, simu huanza kunijia kutoka ofisi za utalii za Njiro, Sakina na zile za barabara ya Sokoine. Ombi ni lile lile: njoo utupangie Drive, yaani mafaili yetu yanayokaa kwenye wingu, kwenye kompyuta za Google tunazozifikia kwa intaneti, imejaa. Nilikaa miaka mingi upande wa kupokea wageni na kupanga safari kabla ya kuanza kuwasaidia wengine mafaili yao, kwa hiyo hasara ya fujo hii naijua. Mgeni ametua uwanja wa ndege wa KIA saa mbili usiku, dereva anapiga simu kuuliza ni lodji ipi, na ofisini kuna ratiba tatu zenye jina moja.

Sijawahi kukuta ofisi ambayo fujo yake imeletwa na uvivu. Watu wanajituma, ila wanafuata mambo wanayoambiana kama kweli huku mfumo haufanyi kazi hivyo. Mifano yangu mingi ni ya Google Drive, kwa sababu ndiyo ninayoikuta kwenye ofisi nyingi hapa mjini. Na nitasema "nafasi" badala ya "hifadhi", maana Arusha ukitaja hifadhi mtu anawaza Tarangire.

"Imejaa, tununue nafasi nyingine"

Akaunti ya bure ya Google ina GB 15, na hizo 15 zinaliwa na vitu vitatu kwa pamoja: barua pepe za Gmail, mafaili ya Drive na picha za Google Photos. Zamani picha zilizopunguzwa ubora hazikuhesabiwa. Tangu tarehe 1 Juni 2021 kila picha mpya inahesabiwa. Watu wengi hawakulisikia badiliko hilo, ndiyo maana unamkuta mtu anashinda siku nzima akifuta mikataba ya kurasa mbili na kipimo cha nafasi hakisogei hata kidogo. Nyaraka mia za maandishi matupu hazifikii uzito wa video moja ya dakika tano.

Ofisi moja tulifungua Drive kwenye kompyuta, tukabonyeza pale upande wa kushoto panapoonyesha nafasi iliyotumika. Mafaili yakajipanga yenyewe, kubwa likitangulia. Matatu ya kwanza yalikuwa video ile ile ya nyumbu wakivuka mto Mara, imepakiwa na watu watatu, kila mmoja akidhani mwenzake hajaipakia. Tukabakiza moja. Kwenye Gmail tukaandika larger:10M kwenye kisanduku cha kutafutia, zikaja barua zote zenye viambatisho vizito, nyingi zikiwa vipeperushi vya lodji vya miaka iliyopita. Mwisho tukamwaga pipa la taka, kwa sababu kilichomo humo bado kinahesabiwa mpaka kiondoke kabisa. Chai haijaisha, nafasi imepatikana.

Kununua si kosa. Ofisi yenye wapiga picha inahitaji nafasi kubwa, na ilipie. Lakini usingoje ijae pomoni, maana ikifika hapo Gmail nayo inasimama: barua hazitoki wala haziingii. Mgeni anayeulizia safari ya Agosti hatajua kwamba Drive yako imejaa video za nyumbu. Atatafuta kampuni nyingine.

Na lile la kufuta mafaili uliyoshirikishwa na wengine ili upate nafasi, acha. Hayali nafasi yako hata kidogo. Yanakula nafasi ya mwenyewe.

"Faili la ofisi ni mali ya ofisi"

Hapa ndipo ninapoomba watu waketi chini tuelewane, kwa sababu ndipo maumivu makubwa yanapotokea.

Kampuni moja niliyofanyia kazi ilikuwa na jedwali la bei ambalo sote tulilitegemea. Kila lodji na mstari wake: bei ya msimu wa juu, ya msimu wa chini, ya mtoto, ya chumba cha mtu mmoja, na maelezo mafupi pembeni kama "hawapokei kadi" au "piga kabla ya saa kumi". Lilikuwa limejengwa kwa miaka. Kaka aliyelianzisha alilianzisha kwa barua pepe yake binafsi, kwa kuwa siku hiyo ndiyo iliyokuwa wazi kwenye kompyuta, akatushirikisha wote. Akapata kazi Zanzibar, tukaagana vizuri, tukapiga na picha. Miezi kadhaa baadaye akasafisha akaunti yake, kama mtu yeyote mwenye busara anavyofanya, akaondoa mafaili ya kazi ya zamani. Asubuhi tunafungua, jedwali halipo. Tulipompata kwenye simu, siku 30 za pipa la taka zilikuwa zimeshapita. Alisikitika kuliko sisi. Ikabidi tuziandikie lodji upya, moja baada ya nyingine, na yale maelezo ya pembeni hayakurudi yote.

Hakuna aliyemwibia mwenzake. Mfumo unatambua akaunti iliyounda faili, basi. Haujui nani analipwa mshahara na nani, wala kwamba folda hiyo inaitwa "OFISI" kwa herufi kubwa. Hata faili likiwa ndani ya folda ya bosi, mmiliki ni aliyelitengeneza au aliyelipakia.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kitu kingine chochote, fungua folda kuu na uangalie safu inayoonyesha mmiliki. Utashangaa majina utakayoyakuta: mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wa mwaka juzi, mhasibu aliyestaafu. Akaunti mbili za kawaida za Google zinaweza kuhamishiana umiliki. Mwenye faili anaomba, anayepokea anakubali, na asipokubali faili linabaki lilipo. Kutoka akaunti binafsi kwenda akaunti ya kazi yenye jina la kampuni, njia hiyo imefungwa. Hapo mtumie akaunti ya kazi kutengeneza nakala mpya, mkijua kwamba historia ya mabadiliko haitakuja na nakala.

Ofisi inayolipia huduma ya kikazi, kwa mipango mingi, inapata pia kile kinachoitwa shared drive. Faili linalowekwa humo ni la kampuni yenyewe, na aliyeliweka akiondoka, linabaki. Kama mna huduma hiyo na bado kazi zenu ziko kwenye "Drive Yangu" ya mtu mmoja mmoja, mnalipia mlango mkalala nje. Na mfanyakazi akiondoka, msimamizi ahamishe mafaili yake kwanza ndipo afute akaunti. Akishaifuta ana siku 20 za kuirudisha.

"Nikifuta kwenye laptopu, la kwenye wingu linabaki"

Hapana, mama. Nalijibu hivyo kwa sababu aliyeniuliza mara ya mwisho alikuwa mama mmoja wa Kijenge, anaendesha ofisi yake mwenyewe, na alikuwa ameshabonyeza.

Folda ya laptopu iliyounganishwa na wingu ni chumba kimoja chenye milango miwili. Ukitoa kiti kwa mlango wa nyuma, anayeingia kwa mlango wa mbele hakikuti. Virusi vikifunga mafaili ya laptopu, yaliyofungwa ndiyo yanayopanda juu kwenye wingu. Huo ni usawazishaji, na kazi yake ni kufanya pande zote zifanane, hata katika hasara.

Una muda wa kurudi nyuma, lakini mfupi: siku 30 kwenye pipa la taka la Google Drive na la OneDrive (wingu la Microsoft) ya binafsi, siku 93 kwenye OneDrive ya kazini au shuleni. Yule mama alikuwa siku ya kumi na moja, tukayarudisha yote. Kwa vitu ambavyo ofisi haiwezi kuishi bila navyo, weka nakala kwenye diski ya nje isiyoshinda imechomekwa, na uitunze nje ya ofisi. Wenye taaluma wana kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, aina mbili za vifaa, moja iwe mahali pengine.

Kuna na hali nyingine inayowatisha watu bure. Mtu mwenye ruhusa ya kuhariri anaondoa faili lako kutoka kwenye folda ya pamoja, nawe unadhani limekufa. Kama wewe ndiye mmiliki, linaweza kuwa lipo, limekosa folda tu. Andika is:unorganized owner:me kwenye kisanduku cha kutafutia cha Drive uone yanavyojitokeza.

"Folda nyingi ndiyo mpangilio"

Nimefungua folda ndani ya folda ndani ya folda, saba, mwisho nikakuta picha moja ya twiga. Aliyezipanga alikuwa na nia njema, lakini hakuna mwenzake aliyeweza kukisia njia yake, kwa hiyo kila mmoja akaanzisha ya kwake pembeni.

Kinachosaidia zaidi ni jina la faili. Kompyuta inapanga majina kwa kufuata herufi na tarakimu kutoka kushoto, haielewi kalenda. Ukiandika 14-7-2025, itakukusanyia tarehe kumi na nne za miezi yote mahali pamoja. Ukiandika 2025-07-14, mwaka mbele, safari zinajipanga zenyewe tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Baada ya tarehe weka jina la kundi, kisha aina ya waraka: 2025-07-14 familia ya watu 6 ratiba. Ofisi nzima ikubaliane hivyo na ibandike karatasi ukutani juu ya printa.

Halafu kuna haya: "ratiba mwisho", "ratiba mwisho kabisa", "ratiba mwisho HII NDIYO". Ndiyo yaliyompeleka dereva wetu lodji isiyo yake usiku ule. Waraka wa Google unatunza matoleo yake ya nyuma ndani yake wenyewe, unaweza kufungua historia ukaona nani alibadilisha nini na lini, ukarudisha la juzi. Faili la Word au PDF lililopakiwa nalo linaweza kupakiwa toleo jipya juu ya lile lile, na la zamani hutunzwa siku 30. Basi liwe moja tu, na mkitaka lionekane sehemu mbili, wekeni njia ya mkato (shortcut). Tangu 2020 Drive imeacha utaratibu wa faili moja kukaa kwenye folda mbili.

"Linki hakuna anayeijua, kwa hiyo ni salama"

Unaposhirikisha faili, ukichagua "yeyote mwenye linki", umemruhusu kila atakayeshika linki hiyo, leo na miaka mitano ijayo. Inatumwa kwenye kundi la WhatsApp la madereva, mmoja anaihamishia kundi lingine, na ofisi za safari tunaweka nini humo? Picha za pasipoti za wageni, tarehe zao za kuzaliwa, hata ugonjwa wa moyo wa bibi mmoja anayetaka kupanda Kilimanjaro.

Hili nalisema kwa uzito. Yule mgeni ametuma pasipoti yake kwa mtu asiyewahi kumwona, kwa sababu ameamini jina lako. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Taarifa ya mtu ikusanywe kwa kusudi linalojulikana na isikae kuliko kusudi hilo linavyodai. Safari ikiisha na mahesabu yakifungwa, picha ya pasipoti haina kazi tena kwenye folda yako. Wakati bado inahitajika, ishirikishwe kwa barua pepe za watu wanaoihitaji, kwa majina.

"Kusafisha ni kufuta vya zamani"

Angalia usije ukafuta risiti. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Invoisi, risiti na mikataba vihamie folda moja ya kumbukumbu yenye mwaka wake, watu wachache tu wawe na ruhusa ya kuhariri.

"Akaunti isiyotumika itatusubiri"

Akaunti binafsi ya Google isiyoguswa kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo. Utaratibu huo ulianza kutekelezwa Desemba 2023. Ofisi nyingi zina barua pepe ya zamani iliyofunguliwa enzi za kuanza na gari moja, na humo ndimo zilipo picha za mwanzo na mawasiliano ya wageni wa kwanza. Tafuta nywila yake wiki hii, kabla aliyeifungua hajaisahau.