Kigogota kikubwa: masikio kwanza, jumeli nyuma

Kila wiki mutu ananitumia foto ku WhatsApp: "Papa, tumeona kigogota kikubwa ku njia ya Kasenga!" Ninafungua, ninakuta ndege nyeusi inang'aa kijani, mudomo mwekundu umepinda, mukia murefu, ziko tano ao sita ku muti moja zinapiga kelele zote pamoja. Ile ni gegemela. Inapanda muti, ni kweli, lakini kigogota hakitembei kwa kundi namna ile, kinatembeaka kimoja ao viwili, bwana na bibi.

Mi kazi yangu ni kuongoza batu mu pori ya miombo huku kandokando ya Lubumbashi, na kitu ya kwanza ninaambiaka mugeni ni: teremusha jumeli (darubini), fungua masikio. Vigogota viko aina mingi hapa kwetu lakini yenye tunaita kubwa ni kigogota chenye ndevu, na urefu yake ni karibu sentimita 25 tu, usiende kutafuta ndege ya kipimo ya kuku. Ile yenye kufika sentimita 50 iko Asia. Marekani nako ilikuwa ingine kubwa sana, ya mudomo mweupe, mara ya mwisho yenye bataalamu bote banakubali kama ilionekana ni 1944, Louisiana, mu pori yenye ilikuwa inakatwa. 2005 bakatangaza kama imeonekana tena Arkansas, mpaka leo banabishana, juu video haikuonyesha muzuri na kule kuko kigogota kingine kinafanana nayo. Kama macho inadanganya bale, siye je?

Basi sikiliza. Kiangazi, asubuhi mapema, majani imeshaanguka, chenye ndevu kinapigaka ngoma yake na mudomo ku tawi kavu: trrrrrr ya mbio, alafu ku mwisho inapunguza, ko… ko… ko… ko, moja moja. Ile mwisho ya polepole njo sahihi yake. Kigogota kidogo, chenye hakipite sentimita 16, ngoma yake ni nyepesi, ya mbio tu, inaisha bila kupunguza. Na usichanganye ngoma na kula: kikiwa kinakula kinagonga bila mupango, ko, ko-ko, kimya, ko, juu kinatafuta mabuu ndani ya mbao. Ngoma ni ya kuambia bengine hii fasi iko na mwenyewe, na dume na jike vyote vinapiga.

Ukisha kusikia, usikimbie. Tafuta muti yenye imekauka juu, angalia chini yake kama kuko vipande vya maganda vipya. Tundu peke yake haitoshi, zuwakulu, ndege ingine, naye anatoboaka mbao yenye imekufa. Kigogota kikikuona kinazunguka nyuma ya shina kinajificha, kwa hiyo mutu moja abaki hapo hapo kimya, mwenzake azunguke polepole upande ingine, kitarudi mbele ya ule amebaki. Nimefanya hivi mara mingi sana na inasaidia kuliko jumeli ya bei kali.

Sasa njo macho: uso mweupe, alama nyeusi nyuma ya jicho, na mustari mweusi sawa masharubu. Paji nyeusi ya vidoti vidogo vyeupe, nyuma ya kichwa dume ana nyekundu, jike hana. Kisha angalia tumbo, hapo njo batu banakosea: chenye ndevu mistari yake inakata tumbo, myembamba, kijivu na nyeupe. Kama michirizi inashuka kutoka kifua kuenda chini, ni kigogota kingine, chenye mukia ya dhahabu.

Kitu yenye inaniumiza ni muti. Hii ndege inakula na kuzaa mu mbao yenye imekufa, na tundu yake ya zamani kasuku anakuja kulalia, lakini muti kavu njo batu banabebaka kwanza kwa kuni, na yenye iko muzima inachomwa makala. Upande ya Kipopo nilikuwa na muombo moja ulikufa umesimama, misimu tatu nilikuwa naleta bageni hapo. Mwaka huu nimekuta kisiki. Juzi asubuhi, ng'ambo ya kijito, nimesikia ile ko… ko… ko, nimezunguka mpaka jua ikawa kali. Sijakiona bado, kesho nitarudia.