Gobore kwenye baridi kali: baruti inavyolowa na jinsi ya kuikinga

Chupa ya soda ikitolewa kwenye friji Mombasa au Dar es Salaam hutoka jasho kabla hujaifungua. Gobore lililokaa msituni siku nzima kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri hufanya vivyo hivyo likiingizwa kwenye nyumba yenye joto. Mvuke wa hewa ya ndani hugeuka matone juu ya chuma, na matone hayo huenea hadi ndani ya mtutu na kwenye kitundu kinachopitisha moto. Asubuhi likirudishwa nje, maji yale huganda. Kulungu anatokea, nyundo inaanguka, fataki (kile kikombe kidogo cha kuwashia baruti) inalia, na risasi haitoki. Zimelowa punje chache tu za baruti, lakini ndizo zilizopaswa kuupokea moto kwanza.

Baridi peke yake haiiharibu baruti. Baruti kavu huwaka hata kwenye baridi kali sana. Kinachoikwamisha ni maji, na maji hayo kwa kawaida huletwa na joto: sebule, gari lenye hita, pumzi ya mwindaji mwenyewe. Ukilishika hilo, mengi yanayofuata utayaelewa bila kuyakariri.

Tunaandika haya kwa sababu wasemaji wengi wa Kiswahili, hasa waliotoka Kongo, sasa wanaishi majimbo ya kaskazini ya Marekani ambako msimu wa gobore huangukia wakati wa theluji. Minnesota huufungua mwishoni mwa Novemba, Iowa ina msimu wa mwisho unaoanza Desemba na kuingia Januari, na Pennsylvania huwa na msimu wa gumegume, yaani gobore linalowashwa kwa cheche za jiwe, baada ya Krismasi. Kanuni ni za jimbo, na hubadilika, kwa hiyo soma za mwaka huu. Minnesota, kwa mfano, humtaka kila aliyezaliwa baada ya Desemba 31, 1979 awe na cheti cha usalama wa silaha kabla ya kununua leseni ya kuwinda kwa bunduki. Tunazungumzia magobore ya kiwandani yaliyopimwa nguvu. Gobore la kienyeji lililotengenezwa kwa bomba la maji halimo humu, na hakuna kipimo cha baruti kinacholifanya liwe salama.

Siku inapoisha, njia bora ni kulifyatua kwenye kichuguu au ukingo wa udongo mahali panaporuhusiwa, au kuisukuma risasi nje kwa kifaa cha gesi ya kaboni dioksidi. Wapo wanaotoa fataki tu na kuliacha gobore limeshindiliwa usiku kucha kwenye banda lisilo na joto, lililofungwa kwa kufuli. Kanuni za majimbo kadhaa hulihesabu gobore lisilo na fataki kuwa halijapakiwa linaposafirishwa, na baridi ya bandani huizuia baruti isilowe. Hata hivyo, baruti na risasi bado zimo ndani ya mtutu. Nyumba yenye watoto isifikirie kabisa njia hii.

Maandalizi huanza kwa kuondoa mafuta. Mafuta mazito ya bunduki huwa kama lami kwenye baridi, nyundo ikashuka polepole na kuigonga fataki bila nguvu. Futa mtambo kwa spiriti, kisha paka unga wa grafiti au mafuta mepesi yanayostahimili baridi, tena kidogo sana. Ndani ya mtutu pitisha vitambaa vikavu mpaka vitoke safi. Kabla ya kuweka baruti, lipua fataki 2 au 3 mtutu ukiwa mtupu, mdomo wake ukielekea jani kavu lililo juu ya theluji. Jani likiruka, njia ya moto iko wazi. Lisiporuka, kuna mafuta au barafu, na ukishindilia hivyo hivyo utajuta.

Kwa gobore lenye mtutu wa kipenyo cha inchi 0.50 linalotumia risasi ya duara, wengi hutumia greni 70 hadi 90 za baruti nyeusi. Greni 1 ni kama gramu 0.065, kwa hiyo greni 80 ni gramu 5 na kidogo. Mpaka wa juu ni ule wa mtengenezaji, na wala usiupite eti kwa kuwa kuna baridi. Ni kweli kwamba kwenye baridi risasi huweza kupungua mwendo kidogo. Tiba yake ni kwenda kulenga shabaha siku ya baridi na kurekebisha kilengeo. Baruti mbadala kama Pyrodex huhitaji moto mkali zaidi kuliko baruti nyeusi, kwa hiyo gumegume lipewe baruti nyeusi halisi. Baruti isiyotoa moshi inayochukuliwa kutoka kwenye risasi za kisasa isiguswe: hupasua mtutu.

Kazi ngumu ni kushindilia. Mafuta ya kondoo na nta ya nyuki vinavyopakwa kwenye kitambaa kinachoizunguka risasi huganda, na saboti, yaani kikombe cha plastiki kinachoibeba risasi, hukakamaa. Vibebe kwenye mfuko wa ndani, karibu na mwili. Risasi ikikwama njiani na wewe ukadhani imefika, unabaki na nafasi tupu kati yake na baruti. Ukifyatua hivyo, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Kwa sababu hiyo weka alama mbili kwenye mdeki, yaani ufito wa kushindilia, ukiwa nyumbani: moja ya mtutu mtupu, nyingine ya mtutu ulioshindiliwa kwa kipimo chako. Alama ya pili isipofika usawa wa mdomo wa mtutu, usiweke fataki. Sukuma mdeki kwa mikupuo mifupi, kichwa na kifua vikiwa pembeni.

Ukishamaliza, funika mdomo wa mtutu kwa kipande kimoja cha utepe mwembamba wa plastiki ili theluji isiingie. Usipulize ndani ya mtutu kamwe. Ni hatari, na pumzi yako ni maji matupu.

Fataki ikilia na risasi isitoke, endelea kuelekeza mdomo wa mtutu mahali salama kwa angalau sekunde 60, maana moto unaweza kuwa unafuka taratibu na mlio ukachelewa. Baada ya hapo ndipo uweke fataki mpya.

Vidole navyo vina mipaka. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 24 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30, na chuma tupu huinyang'anya joto haraka zaidi. Vaa glavu nyembamba ndani ya zile nene. Za nje zivuliwe wakati wa kulenga tu, kwa kuwa glavu nene huweza kugusa kifyatulio bila wewe kuhisi. Fataki ni ndogo mno kwa vidole vilivyokufa ganzi, kwa hiyo tumia kile kifaa kidogo cha kuzipachika.

Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kama masizi na chumvi. Kwenye hewa kavu ya baridi masizi hayo hukauka kuwa gamba gumu, na risasi ya pili hukataa kushuka. Pitisha kitambaa chenye spiriti kidogo, kisha vikavu viwili, na acha spiriti ikauke kabla ya kumimina baruti. Maji yangeganda.

Usafi ufanywe siku hiyo hiyo, kwa sababu chumvi ile hunyonya unyevu na kutu huanza mapema. Gobore likiwa tupu, liache ndani ya mfuko wake uliofungwa mpaka lipate joto la nyumba taratibu, ndipo ulifungue. Osha mtutu kwa maji ya moto na sabuni, ukaushe kabisa, upake mafuta. Kesho yake pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi ya kahawia, osha tena.