Ukulele wodini: maswali mnayoniuliza kuhusu tiba ya muziki

Tangu niwaambie ndugu na marafiki kwamba kwenye wodi ninayofanya kazi huku Marekani kuna dada wa tiba ya muziki anapita na ukulele, kigitaa cha nyuzi nne, akikaa na wagonjwa, maswali hayaishi. Mi ni nesi, sio mtaalamu wa muziki, ila nimefanya kazi naye karibu na nimeona mengi kwa macho yangu, kwaiyo nayajibu hapa yote kwa pamoja.

Ukulele ndo kitu gani?

Ni kama gitaa dogo, nyuzi nne za nailoni, ile saizi ndogo inayoitwa soprano ina urefu wa sentimita 53 hivi na uzito wake kwa kawaida haufiki nusu kilo. Watu wanaijua kama ala ya muziki ya Hawaii lakini asili yake ni kisiwa cha Madeira, Ureno. Mwaka 1879 meli inaitwa Ravenscrag ilifika Honolulu imebeba Wareno waliokuja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa, na ndani yake walikuwemo mafundi wa mbao waliojua kutengeneza vigitaa vya kwao, wakaanza kuvitengeneza kule kule. Kwetu jina linakaribiana na kelele na kuna mama aliniuliza kabisa "sista, na hizo kelele wagonjwa wanalala saa ngapi?" Mama yangu, sauti yake ni ndogo mno, ukifunga mlango mgonjwa wa chumba cha pili hasikii kitu.

Si ni burudani tu? Kuna tofauti gani na kumuwekea mgonjwa redio?

Redio ni nzuri na wala siikatazi. Ila redio haimuoni mgonjwa. Huyu dada anakuja na lengo ambalo limeandikwa kwenye faili, labda kupunguza hofu kabla ya oparesheni, labda kurudisha maneno baada ya kiharusi, labda kumfanya mtoto anyanyue mkono aliokuwa hataki kuusogeza, na akimaliza anaandika kilichotokea kama mi ninavyoandika presha na joto. Ni fani ya kusomea, Marekani chuo cha Michigan State kilianza kuifundisha kama digrii mwaka 1944, kipindi ambacho hospitali zilikuwa zimejaa wanajeshi waliotoka vitani, na mpaka leo mwanafunzi wa fani hiyo anatakiwa afanye mafunzo ya vitendo masaa 1,200.

Alafu kuna hii ambayo mimi ndo naipenda zaidi. Anaanza pale mgonjwa alipo. Mgonjwa akiwa anahema haraka haraka kwa wasiwasi hamwimbii bembelezo, anapiga kwa kasi ileile ya pumzi yake, wakishakwenda pamoja anapunguza kidogo, anapunguza tena, na mgonjwa anashuka naye bila kuambiwa "tulia." Maana sisi manesi tuna tabia ya kumwambia mtu atulie, na nani ametulia kwa sababu ameambiwa?

Mbona ukulele, kwanini sio gitaa la kawaida au kinanda?

Kwa sababu mwili unaoumwa unaiweza. Gitaa ni kubwa, mtu mwenye dripu mkononi na mirija kifuani utamuwekea wapi? Nyuzi za magitaa mengi ni za chuma, zinauma vidole, na mgonjwa wa saratani ambaye chemo, zile dawa kali za saratani, imemfanya vidole viwe na ganzi au damu yake haigandi vizuri hatakiwi kuumia hata kidogo. Nailoni ni laini. Na wepesi wake wa kujifunza ni wa ajabu, kodi ya kwanza (chord, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja), ile ya C, unabonyeza kidole kimoja tu kwenye uzi wa chini kabisa, nafasi ya tatu kuanzia kichwani, basi umeshapiga muziki. Hata usipobonyeza popote ukapitisha tu kidole gumba kwenye nyuzi zote nne inatoka sauti nzuri. Sasa fikiria mtu amelala wiki tatu, anageuzwa, anachomwa, anaogeshwa, kila kitu anafanyiwa, alafu leo amefanya kitu mwenyewe kikatoa sauti nzuri na watu wakageuka kumwangalia.

Inasaidia nini hasa kwa mtu mwenye kiharusi?

Hapa niwape kisa. Tulikuwa na mzee Mkongomani, kiharusi kilimpiga upande wa kushoto wa ubongo, kwaiyo mkono wa kulia ukafa na maneno yakapotea, anakuelewa vizuri tu ila akifungua mdomo hakitoki kitu. Kwa watu wengi sehemu inayotengeneza maneno iko kushoto, ila kuimba kunatumia sana na upande wa kulia ambao kwake ulikuwa mzima. Dada wa muziki hajui Kiswahili hata neno, akaniita nisaidie kutafsiri. Nikauliza familia nyimbo anazozijua mzee, wakataja wimbo mmoja wa kanisani kwao, binti yake akauimba kidogo na yule dada akautafuta kwenye ukulele palepale.

Akakaa upande wa kushoto wa kitanda, akashika shingo ya ukulele abonyeze yeye kodi, mzee akaachiwa apige nyuzi kwa gumba lake la kushoto. Nikamwambia "Papa, piga tu, sisi tutakufata." Akapiga mara mbili tatu bila mpangilio, binti akaanza kuimba, na kwenye mstari wa pili mzee akaingia. Na maneno. Maneno kamili, yule ambaye asubuhi alishindwa kuomba maji. Binti alitoka nje akalia.

Sasa msielewe vibaya, huko ni kuimba na bado sio kuongea. Kazi ilianzia hapo. Walichukua sentensi fupi anayoihitaji kila siku, "nataka mayi," mayi ndo maji kwa Kiswahili cha Kongo, wakaiimba kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini, na-ta-ka ma-yi, kila silabi mzee anagonga mkono wa kushoto kwenye godoro, siku baada ya siku, alafu taratibu wanapunguza uimbaji mpaka ibaki inafanana na kuongea. Njia hii ya kuimba sentensi ilielezwa na wataalamu wa Boston mwaka 1973, sio jambo la jana. Gabrielle Giffords, yule mbunge wa Marekani aliyepigwa risasi ya kichwa Arizona mwaka 2011, naye tiba ya muziki ilikuwa sehemu ya safari yake ya kurudisha maneno. Mzee wetu aliondoka na sentensi chache za kumtosha kuomba anachohitaji. Mkono wa kulia ulibaki kazi ya fizio, wale wa mazoezi ya viungo.

Inaponya saratani au presha?

Hapana. Atakayekuambia uache dawa upigiwe ukulele mkimbie. Mwaka 2021 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za afya, walikusanya tafiti 81 za muziki kwa wagonjwa wa saratani, zaidi ya wagonjwa 5,500, wakaona muziki unaweza kupunguza wasiwasi, maumivu na uchovu, ingawa walisema wazi kwamba tafiti nyingi ubora wake sio mkubwa, na huo ni muziki kwa ujumla sio ukulele peke yake. Inakaa pembeni ya dawa.

Haisambazi vijidudu, kutoka kitanda hiki kwenda kingine?

Swali zuri sana. Inafutwa na dawa kabla na baada ya kila mgonjwa, nyuzi na shingo kwa uangalifu maana ndo panashikwa. Mbao ambayo haijapakwa vanishi inanyonya uchafu kwaiyo hospitali nyingine zinapendelea za plastiki. Chumba cha mgonjwa aliyetengwa kwa sababu ya maambukizi, kifaa hakitoki hapo kwenda kwa mgonjwa mwingine.

Kuna ambaye hafai?

Wapo. Mtu kichwa kinamgonga na kila sauti inamuumiza muache. Aliyechanganyikiwa akiwa ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, sauti nyingi zinamzidishia. Aliyepasuliwa kifua asikumbatie kifaa kwenye kidonda. Na nyimbo zina kumbukumbu jamani, wimbo wa harusi kwa mjane ambaye hata arobaini ya mumewe haijapita sio dawa hiyo, ndo maana mgonjwa anaulizwa kwanza, na akisema sitaki ni sitaki.

Sisi nyumbani hatuna huyo mtaalamu, tufanyeje?

Hamtafanya tiba yenyewe ila kuimba mnaweza. Kaswida, kwaya, taarabu ya ujana wake, anachokipenda yeye na sio unachokipenda wewe. Asubuhi akiwa hajachoka, dakika kumi kumi na tano, na mpe kitu cha kufanya, agonge meza, apige makofi na mkono mzima, amalizie neno la mwisho la mstari. Mkiwa na ukulele mtyuni, yaani kazeni nyuzi mpaka sauti zikae sawa, kila mnapoichukua, nyuzi mpya zinalegea siku za mwanzo. Mgonjwa akianza kuhema kwa shida au uso ukabadilika acheni hapohapo mumuwahishe hospitali.