Ngumi nzito ni nini hasa? Ubishi wa uzito wa juu

Larry Holmes, bondia wa uzito wa juu (kundi la mabondia wazito kuliko wote), alipanda ulingoni mara 75 na alisimamishwa kabla ya muda, yaani pambano kukatishwa kwa kuwa hawezi kuendelea, mara moja tu. Ilikuwa Januari 22, 1988, mjini Atlantic City, Mike Tyson alipomwangusha mara tatu katika raundi ya nne. Lakini Holmes alipoulizwa ni nani aliyempiga ngumi nzito kuliko wote, hakumtaja Tyson. Alimtaja Earnie Shavers, bondia aliyemshinda mara mbili.

Jibu hilo limewachanganya wengi. Inawezekanaje aliyekuzimisha awe na ngumi nyepesi kuliko uliyemshinda? Inawezekana kabisa, na ukielewa kwa nini, umeelewa karibu kila kitu kinachobishaniwa pale watu wanapotafuta mpiga ngumi mzito kuliko wote katika historia ya uzito wa juu.

Ngumi nzito ni uwezo wa pigo moja, likitua sawasawa, kubadilisha pambano bila kusubiri pigo la pili. Si wingi wa makonde, si hasira, wala si upana wa kifua. Maneno "likitua sawasawa" ndiyo yenye uzito hapo, maana kuwa na nguvu ni jambo moja, na kuifikisha nguvu hiyo kwenye kidevu cha mtu anayejua kukwepa ni jambo jingine. Wengi hubishana wakiwa wameyafunga mambo hayo mawili katika furushi moja.

Pigo huanzia mguuni. Unyayo wa nyuma husukuma sakafu, nyonga huzunguka, bega hufuata, na ngumi hutoka mwisho ikiwa imebeba kasi yote iliyokusanywa njiani. Ndiyo maana bondia mwenye mikono minene anaweza kupiga kama anayebisha hodi, na mwenzake mwembamba akamlaza mtu. Wa kwanza anapiga kwa mkono, wa pili anapiga kwa mwili mzima. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walipima ngumi ya bondia Frank Bruno, wakakuta glavu inafika kwenye shabaha ikienda karibu mita 9 kwa sekunde na kugonga kwa zaidi ya niutoni 4,000. Hiyo ni sawa na uzito wa kilo 400 na ushei, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Namba hiyo inatisha, ila haitoshi. Bruno alimaliza kazi yake akiwa na ushindi mara 40, mara 38 kati ya hizo kabla ya kengele ya mwisho, lakini Tyson na Lennox Lewis walimsimamisha bila yeye kuwaangusha. Kifaa hupima shabaha iliyotulia. Kichwa cha binadamu hakitulii. Konde likigonga paji la uso hupokelewa na mfupa na shingo. Konde hilohilo likigonga ncha ya kidevu huzungusha kichwa ghafla, na ubongo huchelewa kukifuata. Na kama aliyepigwa ameliona likija, shingo yake hukaza. Asipoliona, haina la kufanya. Kwa hiyo mabondia husema ngumi inayokuangusha ni ile usiyoiona, na wanasema kweli.

Hapo ndipo Tyson na Shavers wanapoachana njia.

Tyson alikuwa na nguvu nyingi, hilo halina ubishi, lakini kilichomfanya aogopwe ni kwamba nguvu hiyo ilikuja kwa kasi, kutoka chini, na kwa mfululizo. Mwaka 1988 alimmaliza Michael Spinks kwa sekunde 91, na Spinks alikuwa hajawahi kupoteza pambano. Mpinzani wa Tyson alikuwa akijiandaa kwa konde la kwanza na kuanguka kwa la tatu. Joe Louis alikuwa na kipaji cha aina hiyo miaka 50 kabla yake, tena kwa ngumi fupi zaidi, ambazo mtazamaji wa mbali angeweza kuzikosa. Juni 22, 1938, alimaliza kazi na Max Schmeling ndani ya raundi ya kwanza, kwa takribani dakika mbili. Hawa ni wamalizaji. Kumaliza pambano ni ufundi wenye nguvu ndani yake.

Shavers alikuwa kinyume. Mkono wake wa kulia ulitoka mbali, mara nyingi ulionekana, na baada ya raundi za katikati pumzi ilimwishia. Hakuwahi kuvaa mkanda wa dunia. Hata hivyo aliwazimisha wapinzani karibu 70, na Muhammad Ali, ambaye alikuwa ameonja ngumi za Sonny Liston, Joe Frazier na George Foreman, alitoka kwenye raundi 15 na Shavers mwaka 1977 akisema kwa utani kwamba jamaa huyo alimpiga hadi ndugu zake kule Afrika wakatikisika. Ushahidi wa Ali una dosari moja: alikutana na Foreman akiwa na miaka 32, akakutana na Shavers akiwa na 35, mwili ukiwa umeshachoka. Lakini Holmes alikuwa katika ubora wake mwaka 1979, na bado konde moja la Shavers katika raundi ya saba lilimlaza chali. Jinsi alivyosimama sijawahi kuielewa, hata nikiitazama tena. Alisimama, akamsimamisha Shavers raundi ya 11.

Foreman yeye anastahili maelezo ya peke yake, kwa sababu ngumi yake ilikuwa nzito kwa namna tofauti. Makonde yake hayakuwa makali wala ya haraka, yalisukuma na kuponda. Lilipogonga mkono uliokinga, mkono uliumia. Lilipogonga bega, mtu alihama mahali. Mjini Kingston, Januari 1973, Frazier alikuwa bingwa ambaye hajapoteza, naye akaangushwa mara sita katika raundi mbili. Konde mojawapo lilimnyanyua hadi miguu ikaachana na sakafu. Halafu kuna Novemba 1994. Foreman, mwenye miaka 45, mzito na mwenda polepole, alikuwa anapoteza kwa pointi dhidi ya Michael Moorer hadi raundi ya kumi. Konde fupi la kulia likamaliza mambo. Wepesi ulikuwa umemwacha na miguu pia. Nguvu ilibaki.

Wapo wanaotaka kumaliza ubishi kwa asilimia ya KO, yaani ushindi wa kumzimisha au kumsimamisha mpinzani. Rocky Marciano: mapambano 49, ushindi 49, KO 43. Deontay Wilder: katika mapambano yake 40 ya kwanza alizimisha mara 39. Ni takwimu nzuri, ila asilimia haisemi uliyempiga alikuwa nani, na hapo hesabu nyingi hupinda. Wilder alipokutana na Tyson Fury mwaka 2018 alitua makonde yake bora katika raundi ya 12, Fury akalala kama mtu aliyekwisha, kisha akainuka. Kwa upande wake, Wilder alipanda usiku ule akiwa na kilo 96 hivi dhidi ya 116 za Fury, na kumlaza mtu mwenye kilo 20 zaidi si jambo dogo. Marciano alipigana akiwa na takribani kilo 84. Leo asingehesabiwa kuwa wa uzito wa juu, kwani kundi hilo huanzia juu ya kilo 90.7. Kumlinganisha pigo kwa pigo na mabondia wa kilo 110 ni kumwonea, ingawa Jersey Joe Walcott, aliyezimwa naye mwaka 1952 kwa konde moja la kulia katika raundi ya 13, asingetaka kusikia habari za kilo.

Njia ninayoiamini zaidi ni kutafuta wapinzani waliopigwa na wengi na kutazama yaliyowapata. Ken Norton ndiye kipimo kizuri. Alipigana raundi 39 na Ali katika mapambano matatu, na raundi 15 na Holmes, bila kusimamishwa na yeyote kati yao. Foreman alimsimamisha katika raundi ya pili mjini Caracas mwaka 1974. Shavers alimsimamisha katika raundi ya kwanza mwaka 1979, ingawa Norton alikuwa amezeeka kidogo.

Kwa hiyo nikibanwa nichague, kwa konde moja namtaja Shavers. Kwa uzito unaoumiza hata ukikinga, Foreman. Na kama mpinzani ameshayumba na zimebaki sekunde chache, nampa kazi hiyo Louis, kabla ya Tyson.