Diskografia ni nini? Tuichungulie ya Juno Reactor

Anayelisikia neno diskografia kwa mara ya kwanza hudhani linahusu disko, ule ukumbi wa taa za rangi na watu kutokwa jasho. Hajakosea sana. Maneno yote mawili yana mama mmoja, diski, yaani santuri. Disko kwa asili yake ni mahali zinapowekwa santuri, na diskografia ni daftari linaloziorodhesha. Santuri zikaja zikapokewa na kanda, kanda zikapokewa na CD, CD nazo zikapokewa na faili za kwenye simu, lakini jina halikubadilika. Basi diskografia ya msanii au kundi ni jumla ya rekodi zake zilizotolewa kwa umma, kila moja na mwaka wake, lebo (kampuni ya muziki) iliyoitoa na watu walioshiriki.

Wengi wakiulizwa diskografia ya fulani huhesabu albamu na kunyamaza. Ukifanya hivyo kwa kundi la transi ya saikedeliki umeacha nusu ya kazi nje. Huu ni muziki wa sintesaiza, yaani vinanda vya kielektroniki, na mashine za midundo, uliopata sura yake kwenye sherehe za ufukweni kule Goa, India, kisha ukashamiri Ulaya miaka ya 1990. Mdundo ni mmoja, mzito, haukatiki, na mara nyingi unavuka mapigo 140 kwa dakika. Juu yake sauti zinajipinda na kujirudia mpaka msikilizaji anajisahau. Aliyewahi kukesha kwenye ngoma ya kupunga hahitaji maelezo marefu.

Kati ya makundi ya muziki huo nimechagua Juno Reactor kwa sababu daftari lao lina kila aina ya utata. Kundi lilianzishwa London mwaka 1990 na Ben Watkins, na ndiye peke yake aliyedumu. Wengine, kama Mike Maguire na Stefan Holweck wa siku za mwanzo, waliingia na kutoka. Kwa hiyo hata swali la nani hasa ni “kundi” halina jibu moja, na ndiyo maana diskografia nzuri huandika majina ya walioshiriki kwenye kila rekodi.

Albamu za studio ni rahisi kuzitaja. Transmissions ilitoka 1993 chini ya lebo ya NovaMute, ikafuata Luciana 1994. Beyond the Infinite ya 1995 na Bible of Dreams ya 1997 zilitolewa na Blue Room Released. Kisha Shango 2000, Labyrinth 2004, Gods & Monsters 2008, The Golden Sun of the Great East 2013 na The Mutant Theatre 2018. Hapo hapo kuna kitendawili: Luciana ni kibao kimoja tu, kinachokwenda zaidi ya saa nzima bila kukatwa. Ukisema albamu ni mkusanyiko wa nyimbo, hii itakushinda. Walioorodhesha wameihesabu albamu, nami naona wako sahihi, maana ilitengenezwa na kuuzwa hivyo.

Tukitoka kwenye albamu tunakuta singo, yaani kibao kinachotolewa peke yake, na kwa madijei singo ndiyo chakula chenyewe. Kwenye santuri ya inchi 12 kibao kimoja kinaweza kuja na sura mbili tatu, kila moja imepikwa upya na mtu mwingine. Hizo ni rimiksi, nazo zinaingia daftarini. Zipo pia rekodi za jukwaani, kama Shango Tour 2001 Tokyo, na mikusanyo ya kazi za zamani, kama Odyssey 1992–2002. Kundi hili lilifanya kazi na Amampondo, wapigaji marimba na ngoma kutoka Afrika Kusini. Matunda yake ni Conga Fury, kibao ambacho kwa maoni yangu ndicho bora kuliko vyote kwenye Bible of Dreams, kwa sababu ngoma za mikono zinaipa mashine damu.

Sehemu ngumu zaidi ni filamu. Kibao Mona Lisa Overdrive kilitengenezwa na Juno Reactor pamoja na mtunzi Don Davis kwa ajili ya The Matrix Reloaded ya 2003, kikasikika wakati magari yanafukuzana barabara kuu. Mwaka uliofuata kikaonekana tena ndani ya Labyrinth. Ni kazi moja au mbili? Mwenye diskografia makini huandika matoleo yote mawili na kueleza tofauti yake, kwa kuwa anachofuatilia ni rekodi. Wimbo mmoja unaweza kuwa na rekodi kumi. Guardian Angel nacho kimo kwenye albamu ya 1995, lakini kuna watu waliokifahamu mwaka 2003 tu, kilipofungulia katuni ya Kijapani iitwayo Texhnolyze.

Kuna mpaka mmoja ambao diskografia ya kawaida haiuvuki: kurekodiwa si kutolewa. Kule Goa jua liliweza kupinda santuri, hivyo madijei walipiga muziki kwa kaseti, baadaye kwa kanda ndogo za dijitali ziitwazo DAT. Mtayarishaji alimpa rafiki kanda, rafiki akanakili kwa rafiki, na kibao kikachezwa kwenye sherehe kabla lebo yoyote haijakigusa. Vingine havikutolewa kabisa. Sisi tunaijua hali hiyo: bendi za dansi zilirekodi nyimbo nyingi kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, watu wakaziimba mitaani kwa miaka, na nyingi hazikuwahi kuuzwa dukani. Nyimbo za namna hiyo, wakusanyaji wenye bidii huzitengea ukurasa wake, mbali na orodha kuu, na mara nyingi ndio ukurasa wanaogombana juu yake.