Kwa Nini Subaru Ina Pua Juu ya Boneti?

Simama kando ya Thika Road jijini Nairobi jioni ya Ijumaa na utazisikia kabla hujaziona: Impreza na Forester za turbo, na ule mngurumo wao wa kuchechemea. Kwenye boneti za nyingi kuna tundu pana. Wengine husema ni pambo, wengine kwamba ndipo injini inapovutia hewa. Hewa ya injini huingilia kwingine kabisa. Pua ile kazi yake ni kupuliza upepo kwenye intakula, yaani rejeta ya hewa: sanduku la alumini lenye mapezi membamba, lililolazwa juu ya injini kwa nyuma.

Na hewa inapozwa ya nini? Aliyewahi kujaza upepo baiskeli analijua jibu kwa kiganja chake, kwani pampu hupata moto. Turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini, nayo hubana hewa, ila yenyewe huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Hewa ya nyuzi 30 ikibanwa hadi presha maradufu, hutoka ikiwa na nyuzi kama 125. Hewa moto imetanuka, hivyo silinda inapata oksijeni kidogo. Baya zaidi, petroli huweza kujilipukia yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Injini ikaanza kugonga, na pistoni hazivumilii hilo kwa muda mrefu. Ishushe hewa ile hadi nyuzi 50, na kwa presha ileile utakuwa umepakia hewa zaidi kwa asilimia 20 na ushei.

Usidhani baridi ya Nairobi inakuokoa. Mji uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo turbo hulazimika kuibana zaidi ili injini ipate msukumo uleule wa Mombasa. Ikibanwa zaidi, hupata moto zaidi.

Sasa tuje kwenye kununua. Intakula ya juu ina njia fupi, kwa hiyo ukikanyaga mafuta gari linaitika upesi. Ubaya wake ni foleni: upepo hakuna, na joto la injini linapanda moja kwa moja kuichemsha. Ndiyo maana baadhi ya Impreza STI zilikuja na tangi dogo la maji ya kuinyunyizia. Ni hila ya mtungi wa udongo, maji yakikauka huondoka na joto. Mitsubishi Lancer Evolution iliweka intakula mbele, nyuma ya bampa, ambako upepo ni wa kwanza. Lakini huko inakinga njia ya rejeta ya maji, na mawe na matope huifikia mapema.

Kuihamishia mbele kwenye Subaru ndiko kunakonitia shaka. Turbo ya Impreza iko nyuma kulia, hivyo mabomba hulazimika kwenda hadi bampa na kurudi. Hewa ya kuyajaza inakuwa nyingi kabla hujahisi nguvu, na kila kiungo cha hozi ni mahali pengine pa kuvuja.

Ukubwa nao hudanganya. Intakula nene si lazima ipoze vizuri, kwa sababu upepo unaofika mapezi ya nyuma umeshapashwa na ya mbele. Heri yenye uso mpana. Na njia za ndani zikibana sana, presha iliyotengenezwa na turbo inapotea humo humo.

Kwa gari la kwenda kazini lenye presha ya kiwandani, mimi nisingebadilisha kitu. Ningetazama kwanza mpira unaoziba nafasi kati ya pua na intakula. Ukichakaa, upepo unapita pembeni na hiyo alumini inabaki pambo kweli. Kisha ninyooshe mapezi yaliyolala, nipake povu la sabuni kwenye viungo vya hozi huku fundi akijaza upepo kwa kipimo, nione panapotoa mapovu. Aliyeongeza presha au kufunga turbo kubwa ana hesabu nyingine: intakula ya juu itazidiwa mapema, na ndipo yale mabomba marefu yanapoanza kulipa.